Waokoaji wa kujitolea katika mbio za jangwani: nani ana mamlaka ya kusimamisha magari?

Kila ajali mbaya inapotokea katika mbio za magari za jangwani, ubishi hurudi palepale. Je, ni haki roho za madereva na watazamaji ziwe mikononi mwa watu waliokuja kwa hiari yao, wasiolipwa, ambao wengine wamelala ndani ya magari yao kando ya njia? Wapo wanaosema bila watu hao hakuna mbio. Wapo wanaojibu kwamba mchezo unaotoza ada za ushiriki na kuuza nafasi za matangazo hauna udhuru wa kuomba huduma ya dharura ya bure. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Lakini naona zinabishania malipo huku jambo zito zaidi likipita bila kuguswa: yule aliyesimama pale kwenye vumbi, alipwe asilipwe, akisema mbio zisimame, zitasimama?

Tuanze na wanaowatetea watu wa kujitolea, maana jiografia iko upande wao. Mbio za Baja 1000, zilizoanza mwaka 1967 katika Rasi ya Baja California huko Meksiko, hupita mamia ya kilomita za milima, mikondo ya mito mikavu na mchanga. Miaka mingine hutoka Ensenada hadi La Paz, miaka mingine huzunguka na kurudi Ensenada. Magari hukimbia mchana, usiku, na kukikucha bado yapo njiani. Hakuna mwandaaji atakayeweza kulipia gari la wagonjwa kila baada ya kilomita chache kwenye njia kama hiyo. Hata akiweza, ambulensi ya kawaida ni nzito na imetengenezewa lami. Ikiingia kwenye mchanga laini inazama hadi ekseli, na sasa kuna wawili wa kuokolewa. Wanaojitolea huja na magari yanayopita huko, wana winchi, maji, redio, na wanajua ni njia ipi ya pembeni inafika barabara kuu. Miongoni mwao wamo wazima moto, wauguzi na wahudumu wa ambulensi walioomba likizo kazini ili waje.

Na tusidharau wanachofanya. Chukua gari lililobingirika na kulala kichwa chini, dereva na mwelekezi wake wananing'inia kwenye mikanda. Asiyefundishwa atakimbilia kukata mkanda. Akiukata kabla mtu mwingine hajambeba dereva mabegani na kumshika kichwa, dereva anaangukia shingo yake mwenyewe, na jeraha ambalo ajali haikumpa anapewa na mwokoaji. Kwa hiyo wa kwanza kufika huangalia mafuta yanayovuja na kuweka mtungi wa kuzimia moto karibu. Wa pili huingia kwa chini kumshika kichwa. Wa tatu hafiki kabisa kwenye gari: anarudi nyuma mbio, mita mia mbili au zaidi, akiwa na bendera au tochi, kwa sababu gari linalofuata linakuja ndani ya vumbi la lile lililotangulia na dereva wake haoni kitu. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika kwenye picha na sifa, ilhali bila yeye waokoaji wenyewe wanageuka majeruhi. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji mazoezi yaliyorudiwa na watu wanaojuana.

Joto nalo ni hivyo hivyo. Mtu ambaye joto la mwili limepita nyuzi 40 na ameanza kuchanganyikiwa anapaswa kupozwa kwanza, kusafirishwa baadaye. Kumpakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali ya mbali bila kumpoza ni kumpotezea nusu saa ambayo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kumwokoa. Maji mengi, barafu, kivuli na kupepewa vinatosha kuanza, na kituo cha watu wa kujitolea chenye mapipa ya maji kinaweza kufanya hivyo vizuri kuliko helikopta ambayo bado haijaruka.

Hapo ndipo utetezi unapofikia mpaka wake. Nyonga iliyovunjika na kuvuja damu kwa ndani haizuiliki kwa bandeji. Unaweza kuifunga mkanda wa nyonga na kupunguza hali, lakini mgonjwa anahitaji damu na chumba cha upasuaji. Njia ya hewa iliyoziba kwa uvimbe inahitaji mtu mwenye vifaa, dawa na ruhusa ya kuvitumia. Neno ruhusa lina uzito hapa. Huko California, Marekani, mhudumu wa dharura wa ngazi ya juu mwenye leseni ya jimbo hafanyi kazi zake zote popote anapojisikia. Anazifanya akiwa ndani ya mfumo uliosajiliwa, chini ya usimamizi wa mamlaka ya huduma za dharura ya eneo husika. Siku anapokuja kama mtu binafsi na begi lake, sehemu kubwa ya ujuzi wake imefungwa kamba. Akivuka mpaka kuingia Meksiko, leseni hiyo haimpi mamlaka yoyote. Mwandaaji anayetangaza kwamba ana wahudumu kadhaa wa ngazi hiyo njiani huenda anasema kweli kuhusu vyeti vyao, lakini anawapotosha washiriki kuhusu kile wanachoruhusiwa kufanya.

Upande wa sheria una mitego mingine ambayo wengi wanaojitolea hawaijui hadi wamechelewa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mwanamke aliyemvuta mwenzake kutoka kwenye gari lililopata ajali, kisha akashtakiwa kwamba kumvuta kule kulichangia mwenzake kupooza. Mahakama ikasema kinga ya kisheria ya msamaria mwema iliyokuwepo iliwahusu wanaotoa huduma ya kitabibu tu. Kumtoa mtu garini hakukuhesabiwa. Bunge la jimbo lilirekebisha sheria mwaka uliofuata ili kinga iwafikie pia wanaotoa msaada usio wa kitabibu. Ni marekebisho ya haki, ila yanaonyesha jinsi tendo ambalo kila mtu jangwani analiona la kawaida lilivyoweza kumfikisha mtu mahakamani.

Kuna pia sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1997 inayowakinga watu wa kujitolea. Ukiisoma haraka unafurahi. Ukiisoma polepole unakuta inawahusu wanaojitolea kwa mashirika yasiyo ya faida na kwa taasisi za serikali. Anayemfanyia kazi ya bure mwandaaji wa kibiashara yuko nje. Zaidi ya hapo, haimkingi mtu kwa madhara aliyosababisha akiendesha gari. Na mwokoaji wa jangwani anafanya nini siku nzima kama si kuendesha gari, tena kwa haraka, kwenye njia mbovu, karibu na watu? Mtu anatoa likizo yake, mafuta yake na gari lake, na hatari kubwa kuliko zote ya kazi yake ndiyo ambayo sheria imeiacha wazi. Kumwacha asimame peke yake katika hilo ni dhuluma, na sioni namna ya kulisema kwa upole zaidi.

Wanaotaka huduma yote ilipwe na iwe ya kitaalamu hutaja mbio ndefu za jangwani za Dakar kama kielelezo. Ni kielelezo kizuri, lakini hakithibitishi wanachodhani. Tarehe 12 Januari 2020, Saudi Arabia, mwendesha pikipiki wa Ureno Paulo Gonçalves alianguka. Waandaaji walipokea ishara ya dharura saa nne na dakika 8 asubuhi, na helikopta yenye madaktari ikamfikia saa nne na dakika 16. Dakika 8 katikati ya jangwa ni kasi ambayo miji mingi haina. Moyo ulikuwa umekwisha kusimama, na alifariki. Mshindani mwenzake Toby Price alikuwa amesimama kumsaidia, akaacha mbio ziendelee bila yeye. Katika Dakar, mshiriki anayesimama kumsaidia majeruhi hurudishiwa muda alioutumia, na kwangu hiyo ni miongoni mwa kanuni bora kabisa katika mchezo huu, kwa sababu inamgeuza kila mshindani kuwa mwokoaji wa kwanza bila kumwadhibu.

Sasa linganisha kisa hicho na kisa cha mwaka 2009, mwaka ambao Dakar ilihamia Amerika Kusini. Mfaransa Pascal Terry alipotea na pikipiki yake katika hatua ya pili huko Argentina, tarehe 4 Januari. Mwili wake ulipatikana usiku wa kuamkia tarehe 7. Shirika la waandaaji lilikuwa kubwa, lina madaktari na helikopta. Kilichokosekana kilikuwa taarifa sahihi kuhusu mahali alipo na hali yake. Wataalamu wanaolipwa walikuwepo, na bado mtu alikaa peke yake jangwani kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana watu wa redio za mawasiliano wananigusa kuliko kundi lolote lingine katika jambo hili. Marekani, sheria za redio ya ridhaa zinakataza mwendeshaji kulipwa kwa mawasiliano anayoyapeleka, kwa hiyo hapo hoja ya malipo inakufa yenyewe: wao ni wa kujitolea kwa lazima ya sheria. Lakini wanabeba kitu kinachoua haraka kikikosewa, yaani mahali. Mtu akisoma redioni latitudo ya nyuzi 34, dakika 30 nukta 50 (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi), na anayepokea akaandika nyuzi 34 nukta 3050, helikopta itatumwa zaidi ya kilomita 22 kutoka kwa majeruhi. Tarakimu ni zilezile, sauti ilikuwa safi, na hakuna aliyezembea. Ni kwamba hawakukubaliana kabla ya mbio watasoma kwa mtindo gani, na mpokeaji hakurudia kwa sauti alichokisikia. Karatasi moja iliyogawiwa jioni ya kuamkia mbio ingezuia hilo.

Kisha kuna Agosti 14, 2010. Katika mbio za California 200, eneo la Johnson Valley katika Jangwa la Mojave, gari liliruka kilima kidogo, likapoteza mwelekeo na kuwabingirikia watazamaji waliokuwa wamesimama karibu kabisa na njia, bila kizuizi chochote. Watu 8 walikufa. Ilikuwa jioni, kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya shirikisho, ambayo baadaye ilikiri kwamba haikufuata taratibu zake yenyewe za kutoa kibali. Turudi kwenye ubishi wetu: je, wahudumu zaidi wa kulipwa wangeokoa wale 8? Pengine mmoja au wawili, kwa wale waliokuwa bado na uhai. Ambacho kingewaokoa wote ni mtu mmoja aliyeona umati umesogea mno, na mwenye haki ya kuzuia gari linalofuata hadi watu warudi nyuma.

Mtu huyo anaweza kabisa kuwa wa kujitolea. Naamini hata ana nafasi nzuri zaidi kuliko mwajiriwa, kwa kuwa mwandaaji hana mshahara wa kumkatia. Kinachomwangusha ni kingine: ni shabiki, ni rafiki wa madereva, amesafiri mbali kuja kuona mbio zikienda, na hakuna karatasi inayosema neno lake ni amri. Akipiga redio kusema umati umebana njia, anajibiwa kwamba atatumwa mtu. Magari yanaendelea kupita.

Kwa hiyo mimi sitaki watu wa kujitolea waondolewe. Nataka majukumu mawili yatoke mikononi mwao na moja liingie. Yatoke kuwa wao ndio mpango mzima wa matibabu, na kubeba wenyewe bima ya magari yao wakiwa kazini. Hayo ni ya mwandaaji, na kibali kisitolewe bila daktari mkuu anayetambulika na mamlaka ya eneo, magari ya wagonjwa yanayoweza kupita njia hiyo, na bima inayowataja waokoaji. Liingie fungu la maandishi kwenye kanuni za mbio linalosema kwamba kiongozi wa kituo chochote anaweza kusimamisha sehemu yake ya njia, na mkuu wa mbio hana ruhusa ya kumpinga hadi mtu mwingine afike kuona kwa macho.

Waandaaji wadogo watasema hayo yatawaua, na hofu hiyo ni ya kweli, maana vilabu vingi huendeshwa na watu wachache wenye mapenzi na mchezo. Lakini njia ndefu si amri ya mbinguni. Mzunguko wa kilomita 60 unaokimbiwa mara 5 unatoa kilomita 300 zilezile, na vituo vilevile, ambulensi zilezile na watu wa redio walewale wanatumika mara 5. Klabu isiyoweza kulinda kilomita 300 za mstari mmoja inaweza kulinda 60, na ianzie hapo msimu ujao.