Kichochoro mnakijua, darasa hamlijui?

Wazazi wenzangu wa Mbagala, hapa Dar es Salaam, hivi hamjachoka? Msimu wa kura ukifika hakuna kichochoro kisichofikiwa. Hata kule bodaboda zinakokataa kuingia mvua ikinyesha, mgombea anaingia, na kofia, na kanga, na spika inayotikisa mabati hadi saa kumi na mbili jioni. Balozi wa nyumba kumi anajua kila nyumba ina wapiga kura wangapi. Sasa mbona hakuna anayejua darasa lina watoto wangapi?

Tangu 2016 elimu ni bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Tulishangilia, na watoto wakamiminika. Madarasa je? Walimu je? Mwanangu anaandikia mapajani, daftari limejaa vumbi la sementi, na kazi ya wiki iliyopita haijasahihishwa. Mwalimu mwenyewe sauti imemkauka, atasahihisha ya nani aache ya nani?

Matokeo yakitoka, ziro zimejaa, tunaambiwa watoto wa uswahilini hawapendi shule. Hawapendi! Hao wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kugombea daladala, konda akiwasukuma kwa sababu nauli yao ndogo?

Nanyi wagombea, mkija tena, kofia bakini nazo. Twendeni shuleni kwanza, tukahesabu madawati.