Redio ya michezo Arusha itoke studio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Ngaramtoni kuja mjini. Kifodi kimejaa, konda ananing'inia mlangoni, redio imefunguliwa hadi mwisho. Watangazaji wawili wanabishana kama kocha wa Yanga alikosea kumtoa winga wake kipindi cha pili. Pembeni ya lami wanapita vijana saba kwa mstari mmoja, fulana zimelowa jasho migongoni, yule wa mbele anaitupia jicho saa yake ya mkononi kila baada ya hatua kadhaa. Tukawapita. Hakuna abiria aliyegeuza shingo. Redio nayo isingeweza kuwataja, maana studio ilikokuwa ikizungumza ni Dar es Salaam.

Picha hiyo ilinirudia Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyewahi kutwaa dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Simbu ni mtu wa Singida, lakini mazoezi yake ameyafanyia huku kwetu, kwenye barabara hizi hizi. Kwa saa zetu ilikuwa usiku wa manane, tumelala. Kulipokucha nilifungua redio nikasikia shangwe, na shangwe ilikuwa ya kweli. Siku chache baadaye nilifungua tena, tukawa tumesharudi kwenye Simba na Yanga.

Hapo ndipo ulipo ubishi wa redio za michezo hapa Arusha na Moshi. Wapo wanaolalamika kwamba vituo vyetu vimekuwa mwangwi wa Dar: asubuhi Simba na Yanga, jioni Yanga na Simba, katikati dakika chache za Ligi Kuu ya England. Wapo wanaojibu kwamba redio ya biashara haiendeshwi kwa huruma. Msikilizaji akikosa anachokitaka anahama masafa, na akihama yeye, tangazo nalo linahama. Mimi moyo wangu uko kwa hao wa kwanza. Lakini hoja ya hao wa pili ni nzito, na tusipoibeba na uzito wake tutaishia kupiga kelele tu.

Mtazame mwenye kituo hapa mjini. Ana leseni ya mkoa au ya wilaya, anashindana na vituo vya kitaifa ambavyo vimesimika mitambo hapa hapa na vinasikika vizuri kuliko yeye. Wanaotangaza michezo kwa fedha nzuri ni kampuni za simu, benki, bia na za kubeti, na ofisi zinazoamua tangazo liende wapi ziko Dar. Biashara kubwa ya Arusha, utalii, haimsaidii sana. Kampuni ya safari inamtafuta mteja aliyeko Ujerumani au Marekani. Itamtangazia muuza mitumba wa soko la Kilombero hapa mjini kitu gani? Anabaki na duka la vifaa vya ujenzi, shule binafsi na mganga wa meno. Na timu? Oljoro JKT ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2014. Polisi Tanzania iliyokuwa ikitumia uwanja wa Ushirika pale Moshi ilipanda 2019 ikashuka 2023. Mbuni na TMA, timu za hapa Arusha, zimekuwa zikihangaika Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Mtu huyu ukimwambia aache Simba na Yanga, unamwambia afunge kituo.

Hata huko ambako redio ya michezo tupu ilizaliwa, haikuwa rahisi. WFAN ya New York ilianza Julai 1, 1987, ikiwa ya kwanza duniani kutangaza michezo saa 24. Sauti ya kwanza kusikika hewani ilikuwa ya mwanamke, Suzyn Waldman, na hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu bado msichana anayetaka kutangaza mpira anaulizwa kama anaijua offside. Watu wengi walisema kituo hicho hakitafika mbali, na mwanzoni kilipoteza fedha kweli. Kilichokiokoa ni mambo mawili. Oktoba 1988 kilihamia masafa ya 660 AM yaliyokuwa ya WNBC, yenye nguvu ya wati 50,000, na pamoja na masafa kikamrithi Don Imus, mtangazaji wa asubuhi ambaye kipindi chake wala hakikuwa cha michezo. Yaani redio ya michezo tupu ilisimama kwa kuegemea mtu wa vichekesho na siasa. Mwaka uliofuata wakawaweka pamoja Mike Francesa na Chris Russo wabishane mchana, na ubishi ule ulidumu hadi 2008. Vipindi vingi vya watu wawili kuchambana hewani, hata vya Kiswahili, vina damu ya kile.

Ila kuna jambo wengi wanaoiga WFAN hawaligusi. Masafa iliyoanzia, 1050 AM, yalikuwa ya kituo cha muziki wa country kiitwacho WHN, na kituo hicho kilikuwa na haki za kutangaza mechi za Mets, timu ya besiboli ya mji ule ule. WFAN ilizaliwa ikiwa na mechi mkononi. Ubishi ulijengwa juu ya uwanja. Msikilizaji aliifuata mechi, mechi ikiisha akabaki kusikiliza watu wakiichambua. Waingereza walipita njia hiyo hiyo: Talk Radio ilipogeuzwa talkSPORT mwaka 2000 ililazimika kununua haki za kutangaza mechi, maneno peke yake hayakutosha kuitofautisha. Barani kwetu Brila FM ya Lagos ilianza 2002 ikiwa redio ya kwanza ya michezo Nigeria, ikaenea hadi Abuja na miji mingine. Kwa hiyo anayesema Afrika haiwezi kuwa na redio ya michezo amekosea. Lakini Lagos ni Lagos, ina watu wengi kuliko mikoa yetu ya kaskazini yote kwa pamoja.

Sisi tulianza na uwanja. Enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, mpira ulikuwa sauti. Akina Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuonyesha mpira ulipo, nani anao, nani anamfuata, jua liko upande gani. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, Radio One ikaja 1994, halafu FM zikamiminika. Ndipo vipindi vya uchambuzi vikashika hatamu: Sports Extra ya Clouds, Sports HQ ya EFM, Sports Arena ya Wasafi. Ni vipindi vyenye watu hodari, nimejifunza mengi kwao. Vilevile ni vya gharama ndogo: meza, maiki mbili, namba ya kupigia. Na mwaka 2021 TBC iliposaini mkataba wa haki za redio za Ligi Kuu, mechi yenyewe ikawa na mwenyewe. Wengine wakabaki na kuizungumzia. Sioni haki kuwalaumu watangazaji wa Arusha kwa kukaa studio ilhali mechi kubwa si zao kuzitangaza.

Kwa hiyo Simba na Yanga wabaki. Kinachonikera ni kingine: mechi ambazo haki zake hakuna anayezigombea, nazo tunaziacha.

Nilikaa jukwaani Sheikh Amri Abeid jioni moja, mechi ya Championship, watu si wengi, lakini dakika za mwisho uwanja ulikuwa umewaka. Nikatoka mbio niwahi kipindi cha michezo cha kituo kimoja cha hapa hapa mjini, nisikie wakilieleza bao lile. Walisoma matokeo ya Chelsea. Wakasoma jedwali la Hispania. Wakapokea simu za watu waliochana mikeka, kila mmoja akieleza timu gani imemwangusha. Kipindi kikaisha. Kutoka studio hiyo hadi uwanjani ni boda ya dakika chache, na kijana mwenye simu na bando angeweza kuingia hewani mara tatu kwa kila kipindi cha mchezo. Hapo hakuna mkataba uliomzuia, hakuna mtangazaji wa tangazo aliyekataza.

Kuhusu mikeka niseme wazi. Fedha za kubeti ndizo zinazowasha mitambo mingi ya michezo leo, na ni biashara halali. Lakini zina tabia ya kuvuta kipindi kwenda kwenye kile kinachobetiwa. Ligi ya Hispania ina mkeka. Nusu marathoni ya vijana haina. Mhariri asipokaza kamba, ratiba ya kipindi inapangwa na kampuni bila kampuni kusema neno.

Naulizwa: basi tuanzishe redio ya michezo tupu, ya kaskazini, saa 24? Nilikuwa nalitamani hilo kwa miaka. Sasa sioni kama litasimama. Riadha ina siku chache za mashindano kwa mwaka, Championship ina wikiendi zake, na huwezi kuujaza usiku wa Jumanne kwa mchezaji wa Mbuni aliyeumia kifundo. Ungeishia kuijaza Simba na Yanga, tena mchana kutwa, na kilio chetu kingezidi. Kama WFAN yenye mji wa New York nyuma yake ilihitaji mtu wa vichekesho asubuhi, Arusha inahitaji zaidi ya hapo: redio ya kawaida, yenye bei za sokoni na muziki na habari, lakini saa zake za michezo ziwe na mguu nje ya studio.

Na bidhaa ipo. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi tangu 2003, inaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika, inaleta maelfu ya watu na wafadhili wakubwa. Marathoni inafaa kwa redio kuliko wengi wanavyodhani: zaidi ya saa mbili, watu wanaachana taratibu, mtangazaji mmoja juu ya pikipiki, mwingine mstari wa mwisho, wa tatu studio akisimulia. Ana cha kusimulia. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974 akiwa ameongoza toka bunduki ilipolia hadi utepe. Vijana wa kijiweni kwangu wanajua aliyefunga fainali ya Ulaya ya miaka kumi iliyopita, Bayi wanadhani ni jina la shule tu. Hawana kosa, hakuna aliyewasimulia.

Uwanja mpya wa watu 30,000 unajengwa Olmoti, hapa Arusha, kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano yatadumu wiki chache, kisha viti vitabaki. Atakayevijaza ni mtu aliyezoea kusikia timu ya hapa ikitajwa kila siku kwa majina ya wachezaji wake, kama anavyosikia ya Msimbazi na Jangwani.

Mwenye kituo akiniuliza aanzie wapi, ningemwambia aanze na dakika kumi. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaingia kwenye Simba na Yanga. Amtume mtu Ngaramtoni akasimame pale lami inapopanda, awasubiri wale vijana saba, awaulize wametoka wapi na wamekimbia kilomita ngapi. Abiria wa kifodi watayasikia majina yao wakiwa wanawapita.