Kura 11,780 na rais wa Marekani

Tarehe 2 Januari 2021, Donald Trump, akiwa bado rais, alimpigia simu Brad Raffensperger, ofisa anayesimamia uchaguzi katika jimbo la Georgia, akamwambia anachotaka ni kutafutiwa kura 11,780. Joe Biden alikuwa amemshinda jimboni humo kwa kura 11,779. Nchi nzima alikuwa amemshinda kwa kura milioni 7. Simu ile ilirekodiwa, dunia ikaisikia, na wengi wakaijadili kama habari ya tabia ya mtu mmoja. Ilistahili kulaaniwa. Lakini inatuambia jambo kuhusu mfumo pia: mtu aliyeachwa kwa kura milioni 7 aliwezaje kuamini kwamba elfu kumi na moja zingemsaidia?

Mmarekani anapopiga kura ya urais hamchagui rais moja kwa moja. Anachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio wanaomchagua rais. Wajumbe wote ni 538. Kila jimbo linapata idadi sawa na wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukijumlisha maseneta wake wawili. Mji mkuu, Washington, una wajumbe 3. Anayefikisha 270 ndiye rais. Katika majimbo 48 kati ya 50, anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee ndiyo yanayogawa baadhi ya wajumbe kwa maeneo ya ubunge. Utaratibu huu wa mshindi kuzoa wote haumo katika katiba ya Marekani. Kila jimbo lilijiamulia lenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo penye mzizi wa tatizo.

Turudi 2020. Arizona, Georgia na Wisconsin kwa pamoja zilimpa Biden ushindi wa kura takribani 43,000. Laiti zingemwendea Trump, wagombea wangefungana 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja tu. Wyoming yenye watu wasiofika laki 6 ingekuwa na sauti sawa na California yenye watu karibu milioni 40. Kwa hiyo simu ya Georgia haikuwa ndoto ya mtu aliyechanganyikiwa. Mlango ulikuwepo, na yeye alikuwa anausukuma.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja, na si za kupuuzwa. Iliyo nzito zaidi ni kwamba unauzuia mgogoro usisambae. Mwaka 1960 John Kennedy alimshinda Richard Nixon kwa kura zaidi kidogo ya laki moja kati ya kura zipatazo milioni 68. Kama kura za nchi nzima zingekuwa kapu moja, kila kituo kuanzia Alaska hadi Florida kingekuwa na sababu ya kuhesabiwa upya, na kila jimbo lina sheria zake, mashine zake na mahakama zake. Mfumo wa wajumbe unaufungia ugomvi katika jimbo moja au mawili. Mwaka 2000 ugomvi wa George W. Bush na Al Gore ulibaki Florida. Ulikuwa mkali, ulichukua wiki tano na ukaishia Mahakama ya Juu kwa majaji 5 dhidi ya 4, lakini majimbo mengine hayakuguswa.

Naikubali hoja hii nusu. Ni kweli mgogoro ukitokea unabaki mahali pamoja. Lakini mfumo huohuo ndio unaouzaa mara nyingi zaidi. Mwaka 2000 Al Gore alikuwa amemzidi George W. Bush kwa kura takribani laki 5 nchini kote, na hakuna ambaye angehangaika na kura 537 zilizompa Bush Florida, na kwa hiyo urais, kama hesabu ingekuwa moja. Pengo la milioni 7 halina njia ya kuibwa kwa simu. Pengo la 11,779 linamshawishi mtu ajaribu.

Hoja ya pili, kwamba wajumbe wanayalinda majimbo madogo, naiona dhaifu. Kwenye karatasi ni kweli: mjumbe mmoja wa Wyoming anawakilisha watu wasiofika laki 2, wakati wa California anawakilisha zaidi ya laki 7. Lakini nani anakwenda kufanya kampeni Wyoming? Mwaka 2024 nguvu zote zilimwagwa katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Mengi kati ya hayo si madogo. Kinacholindwa hapo ni jimbo ambalo vyama viwili vinakaribiana nguvu, liwe dogo au kubwa. Kamala Harris, aliyeshindana na Trump mwaka huo, na ambaye mwaka 2019 alitaka uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba upigwe marufuku, mwaka 2024 alisema hataupiga marufuku, na kila mtu alijua Pennsylvania inaishi kwa gesi hiyo.

Na wengine je? Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata jimbo lolote lile, hata Texas. Hazikumpa mjumbe hata mmoja. Biden alipata zaidi ya milioni 5 Texas, naye akatoka mikono mitupu. Wakongomani waliopokewa kama wakimbizi, wakapata uraia na sasa wanapiga kura Texas au Kentucky, wanajikuta katika hali hiyohiyo: kura yao inahesabiwa, lakini hakuna anayeitafuta.

Hoja ya tatu inagusa nchi yoyote yenye makabila, dini na kanda nyingi: rais asitokane na eneo moja tu. Hili ni jema. Ila kuna njia nyingine ya kulipata. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Upana wa uungwaji mkono unapimwa bila kura ya mtu yeyote kupoteza uzito.

Wapinzani wa mfumo nao hupenda kuanzia kwenye utumwa, na historia iko upande wao. Waandishi wa katiba walipokutana Philadelphia mwaka 1787, James Madison alieleza wazi kwamba uchaguzi wa moja kwa moja ungeyaumiza majimbo ya Kusini kwa kuwa watumwa hawakupiga kura. Kwa njia ya wajumbe, kila mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano ya mtu katika kulipa jimbo uzito, na uzito huo ukatumiwa na bwana wake. Marais wanne kati ya watano wa mwanzo walitoka Virginia, na wote wanne walimiliki watumwa. Hata hivyo asili ya kitu haitoshi kukihukumu leo. Mwaka 1979, Vernon Jordan, kiongozi wa National Urban League, shirika la kutetea haki za Weusi, alipinga kuufuta mfumo huu, akisema kura za Weusi wa miji mikubwa ndizo zinazoamua majimbo makubwa, na kwamba katika kapu moja la taifa zingezama. Wakati ule hoja yake ilikuwa na nguvu. Leo Mweusi wa Atlanta, jimboni Georgia, anatafutwa sana, wa Mississippi hatafutwi kabisa.

Dawa zinazopendekezwa haziko sawa. Kugawa wajumbe kwa maeneo ya ubunge kunapendeza hadi ufanye hesabu: mwaka 2012 kungempa urais Mitt Romney, ingawa Barack Obama alimzidi kwa kura karibu milioni 5, kwa sababu mipaka ya maeneo hayo huchorwa na wanasiasa. Njia nyingine ni mkataba wa majimbo kumpa wajumbe wao mshindi wa kura za taifa. Kufikia 2024 ulikuwa na wajumbe 209 kati ya 270 wanaohitajika. Nauogopa. Hauna chombo cha kitaifa cha kuhakiki kura, na jimbo likikasirishwa na matokeo litatafuta namna ya kujitoa.

Inabaki kubadili katiba: kura moja kwa moja, na duru ya pili ikihitajika. Hiyo inadai theluthi mbili za mabunge yote mawili na majimbo 38. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo hilo kwa kura nyingi mno, Nixon, ambaye sasa alikuwa rais, akaliunga mkono, kisha maseneta wa Kusini wakalizima mwaka 1970. Vyama vyote viwili vilikuwa vimeshtuka, kwa sababu mwaka 1968 George Wallace, mtetezi wa ubaguzi, alinyakua wajumbe 46 na karibu awe mwamuzi. Tangu hapo maumivu yamekwenda upande mmoja, wa chama cha Democrat: Gore mwaka 2000 na Hillary Clinton mwaka 2016 waliongoza kwa kura nchini kote lakini wakaukosa urais, hivyo Republican, chama cha Bush na Trump, hawana haraka. Mwaka 2004 Bush alimzidi John Kerry kwa kura milioni 3. Kama wapiga kura wapatao 60,000 wa Ohio wangegeuka, Kerry angekuwa rais, na nadhani leo tusingekuwa tunauzungumzia mfumo huu ila kama historia.