Mtoto Asiyeshika Kusoma: Apewe Jina au Aachwe?

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ana mtoto wa darasa la nne. Chuoni, anakosoma Kurani, ndiye wa kupigiwa mfano: maalimu akisoma aya mara tatu, yeye keshaihifadhi. Mpe kitabu cha shule sasa. "Mbuzi" inageuka "duzi", mstari anauruka, jasho linamtoka. Mwalimu mmoja akashauri apelekwe akapimwe, huenda ni disleksia, yaani taabu ya kusoma. Bibi yake kakataa katakata: "Mjukuu wangu hamtampachika ugonjwa."

Hoja ya bibi siipuuzi. Mitaa yetu ina maneno, na neno likishamganda mtoto humfuata hadi siku ya posa. Wapimaji nao ni wachache mno. Irente, kule Lushoto, ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, lakini huyu si wa huko.

Ila jina tayari analo. Darasani ni mvivu, mzito, na fimbo humfikia kwa jina hilo. Disleksia si uvivu wala upungufu wa akili: ni taabu ya kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi imo ukooni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, asiyeweza kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni lau masomo yangekuwa ya mdomo tu. Nikamkumbuka wetu wa chuoni.

Tena Kiswahili huificha shida hii. "Ba" ni "ba" popote uikutapo, basi mtoto hujikongoja akafika, ingawa polepole. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, herufi zilezile zinatamkwa hivi hapa na vile pale, na hapo ndipo wengi wanapozama.

Kwangu mimi, msaada usingoje jina. Yaangaliwe macho na masikio kwanza. Kisha silabi mojamoja, mtoto aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka. Hilo mwalimu analiweza kesho asubuhi. Lakini jina nalo lije, aambiwe mama na mtoto mwenyewe, kwani muda wa ziada wa mtihani hauombewi "mtoto mzito".

Nilimuuliza bibi kama kwao yupo mwingine aliyekuwa hivi. Alinyamaza kitambo.

"Babu yake," akasema. "Hesabu za duka zote kichwani. Barua zikija, akinipa mimi nimsomee."