Kisu Kisichokata

Nikiombwa kumfafanulia mtu alama za Wicca, dini ya kisasa kutoka Uingereza yenye mungu wa kiume na mungu wa kike, sianzi na nyota ya pembe tano ambayo kila mtu ameiona kwenye mikufu na filamu za kutisha. Naanza na kisu. Kinaitwa athame, nacho ni jambia dogo lenye makali pande mbili na, kwa desturi, mpini mweusi. Ajabu yake ni kwamba hakikati kitu. Anayetaka kukata uzi, kuvuna majani ya dawa au kuchonga herufi kwenye mshumaa hutumia kisu kingine, chenye mpini mweupe. Wapo siku hizi wanaotumia kimoja kwa kazi zote, nami naona wamejipunguzia kitu, kwa kuwa maana ya athame haimo katika umbo lake bali katika yale ambayo mkono umekatazwa kuyafanya nayo.

Kazi yake ni kuweka mpaka. Kabla ya ibada, ncha ya kisu hutiwa katika bakuli la maji, kisha hugusishwa chumvi. Chumvi humiminwa ndani ya maji, na maji hayo hunyunyizwa kuzunguka mahali pa ibada. Ndipo kuhani wa kike anaponyoosha kisu na kuzunguka, akichora duara ambalo kwa kipimo cha Gerald Gardner, mwenezi wa dini hii, lina kipenyo cha futi 9. Msomaji wa pwani atadhani hili ni zindiko, lakini sivyo hasa. Zindiko huzuia ubaya usiingie. Gardner alieleza kuwa duara lake ni la kuzuia nguvu zinazopandishwa kwa ngoma na nyimbo zisimwagike nje, kama kifuniko cha chungu. Anayelazimika kutoka katikati ya ibada hukatiwa mlango hewani kwa kisu hichohicho, kisha mlango hufungwa nyuma yake.

Gardner huyo alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa afisa wa forodha huko Malaya, na aliitangaza dini hii kwa kitabu cha mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735. Alidai kuwa ameipokea kutoka kwa watu wa kale. Ukweli ni kwamba visu viwili, cha mpini mweusi na cha mpini mweupe, vimo katika vitabu vya uganga vya Ulaya vilivyobandikwa jina la Mfalme Suleiman, huyohuyo ambaye muhuri wake wa nyota huchorwa kwenye hirizi za Waislamu. Kuazima huko hakunisumbui. Kinachonisumbua ni neno letu uchawi, ambalo kwa Mswahili ni kazi ya husuda inayofanywa gizani ili mtu adhurike; ukiliweka juu ya Wicca bila maelezo, umekwisha kuhukumu kabla hujaona kisu kikiinuliwa.

Kilele cha matumizi yake ni katika kubariki divai. Kuhani wa kiume hupiga magoti akiwa ameinua kikombe kwa mikono miwili, naye kuhani wa kike husimama mbele yake na kushusha kisu taratibu, ncha chini, mpaka iguse divai. Ni muungano wa mungu wa kiume na mungu wa kike, na angalia jinsi walivyobadilishana: mwanamume ameshika kikombe, alama ya kike, na mwanamke ameshika kisu.

Hata pande za dunia husomwa kwa matumizi. Mashariki ni hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Moto uko kusini kwa sababu mtu wa Uingereza huliona jua la mchana upande huo. Ndiyo maana wafuasi wengi wa Australia huuhamishia moto kaskazini na kuzunguka duara kinyume cha mishale ya saa. Mtu wa Nanyuki, ambaye jua humpita utosini, sijui angeuweka wapi.

Nyota ya pembe tano nayo haina maana moja. Ikisimama juu ya ncha mbili, ni roho juu ya ardhi, hewa, moto na maji. Éliphas Lévi, Mfaransa wa karne ya 19, ndiye aliyeeneza wazo kwamba ikipinduliwa ni ya uovu, na kanisa la Shetani lililoanzishwa Marekani mwaka 1966 likaichukua hivyo. Lakini katika njia ya Gardner nyota iliyopinduliwa ni alama ya daraja la pili la mfuasi, na haimtishi mtu aliyeipokea.

Mahali pekee ninapoona nyota hii imeacha kazi ni makaburini. Kwa miaka kadhaa serikali ya Marekani haikuruhusu ichongwe kwenye mawe ya makaburi ya wanajeshi, ingawa hata wasioamini Mungu walikuwa na alama yao. Mjane wa askari aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa walioshtaki, na mwaka 2007 ikakubaliwa. Pale kwenye jiwe haibariki kitu wala hailindi duara. Inataja tu dini ya aliyelala chini yake, kama msalaba wa jirani yake unavyofanya.