Matairi ya Kashata Kubwa kwa Safari za Lami

Inanikera sana kwamba mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, akiingia katika duka la matairi hapa Mbeya, hushauriwa afunge matairi ya kashata kubwa za matope, yaani vinundu vikubwa vya mpira vinavyogusa barabara, bila kuulizwa anapita njia gani. Mimi nilikubali. Mara chache kwa mwaka naenda Makete kupitia Kitulo, na katika utelezi wa masika yalinisaidia kweli, kwa kuwa nafasi pana kati ya kashata hutema tope gurudumu linapozunguka. Lakini siku nyingine zote niko kwenye lami kati ya Uyole na Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Huko kashata hizo hizo hugusa lami kwa eneo dogo, gari huchelewa kusimama, mafuta huisha upesi, na mngurumo humlazimu mama, akiwa kiti cha nyuma, kurudia neno moja mara tatu. Juzi nilipitisha kiganja juu ya tairi la mbele: kila kashata imelika upande mmoja, kama meno ya msumeno. Swali moja tu la muuzaji lingetosha kunipatia matairi ya kati, yanayofaa lami na vumbi.