Wazazi wapo hai: riwaya na watoto chotara wa vita

Mwandishi wa riwaya akichukua kisa cha watoto waliozaliwa na wanajeshi weusi wa Kimarekani na mama wa Kijerumani baada ya 1945, mara nyingi huanza kwa kuwafanya yatima. Baba kafa, mama kafa, mtoto kabaki mlangoni mwa watawa. Wapo wanaosema kosa linaanzia hapo, na kwamba kisa hiki waachiwe wanahistoria pamoja na wenyewe waliokiishi, ambao wengine bado wapo, wana umri wa karibu miaka 80. Hoja hiyo ni nzito. Ila wanaoikataa riwaya moja kwa moja wanayaamini mno makaratasi ya serikali.

Filamu ya Kijerumani ya Toxi, iliyotoka 1952 wakati wale wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto hao wakianza shule, inawapa wakosoaji ushahidi wa kutosha. Mtoto mweusi anatokea nyumbani kwa familia ya watu wenye uwezo huko Hamburg. Familia inagawanyika, inampenda, kisha baba anakuja kutoka Marekani kumchukua. Binti aliyeigiza, Elfie Fiegert, mwenyewe alikuwa mtoto wa mwanajeshi mweusi. Kwa mwisho ule Ujerumani ikavuliwa mzigo: mtoto ana kwao, na kwao ni ng'ambo.

Sasa tazama hesabu. Kufikia 1955, Ujerumani Magharibi ilikuwa na watoto wa namna hii takriban 5,000. Mabel Grammer, mwandishi wa habari mweusi aliyeishi Mannheim na mumewe mwanajeshi, anatajwa kuwapatia wazazi watoto kama 500, wengi wao huko Marekani, na mwenyewe akalea 12. Kazi kubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini hata ukiongeza waliopelekwa Denmark na kwingineko, walio wengi hawakupanda ndege yoyote. Walibaki Ujerumani, na wengi wao walilelewa na mama zao wenyewe. Riwaya zinakimbilia wale waliopanda ndege. Huyu aliyebaki, anayepelekwa shule na mama anayenyooshewa vidole mtaani, ndiye anayenihangaisha, kwa sababu ndiye kawaida ya mambo.

Na baba je? Mwanajeshi hakuweza kuoa bila kibali cha mkuu wake, na kwa mweusi aliyetaka kumwoa mzungu kibali hicho mara nyingi kilikataliwa. Wengine walihamishwa habari za mimba zilipojulikana. Katika miaka ya mwanzo, mahakama za Kijerumani hazikuruhusiwa kusikiliza madai ya ubaba dhidi ya askari wa jeshi lililoikalia nchi. Uingereza nayo ilikuwa na watoto wa askari weusi wa Kimarekani wapatao 2,000, na baadhi yao walilelewa katika makao ya Holnicote House, Somerset, huku mama zao wakiwa hai. Watoto hawa hawakufiwa. Waliondolewa wazazi kwa saini.

Jalada la serikali halisemi hayo. Lina maneno ya ofisa wa ustawi, daktari na mbunge. Mwaka 1952 Luise Rehling alisimama katika bunge la Ujerumani Magharibi akasema kwamba hata hali ya hewa ya nchi ile haiwafai watoto hao, watoto waliozaliwa humo humo! Maneno yake yamehifadhiwa. Ya mama aliyebanwa ofisini asaini kumtoa mwanawe, ni nadra kuyakuta, na mwanahistoria mwaminifu hana ruhusa ya kuyatunga. Mwandishi wa riwaya anayo. Akiujua utaratibu wa kibali na uhamisho, anaweza kumweka baba hai huko Alabama, Marekani, anayejua kwamba ana mtoto na hana njia ya kumfikia. Hapo ubunifu unaukaribia ukweli kuliko fomu yenye nafasi tupu ya jina la baba.

Kwa hiyo riwaya ziandikwe, na ziache kuwaua wazazi kwa urahisi wa kisa. Jambo moja nawaunga mkono wakosoaji bila kupunguza neno: kuchota maisha ya mtu aliye hai, kubadilisha jina lake na kuyauza bila idhini yake. Watu hawa waliwahi kuamuliwa mambo yao mezani pasipo kuulizwa, na mwandishi anayefanya hivyo anawarudisha kwenye meza ile ile.